Maada ni chembe au ni mafundo? Mjomba wangu fundi wa jahazi ana hoja

#1 Kijana wa Matondoni

Assalam aleikum wadau.

Jana alasiri nilikuwa ufuoni hapa Matondoni, Lamu, namsaidia mjomba wangu kukalafati jahazi la mtu wa Faza. Yeye anapiga pamba kwenye maungo ya mbao, mimi nampitishia sifa, mafuta ya papa. Simu nimeiweka juu ya gogo inasoma mhadhara kuhusu CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na ule mtambo wao wa kugonganisha protoni, kilomita 27 kuzunguka, mita 100 hivi chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Msemaji akafika pale pa kusema kila kitu kimejengwa kwa chembe: kwaki, elektroni na nduguze.

Mjomba akaweka nyundo chini. Akauliza, chembe za nini? Nikamwambia za maada. Akasema: "Hilo si jawabu. Ukiivunda punje ya mchanga utapata mchanga. Ivunde tena, mchanga. Mtu akikwambia mwisho wa kuvunda kuna punje nyingine, muulize na hiyo punje ni ya nini."

Kisha akachukua kamba ya makumbi, pima moja tu. Akafunga fundo, akasogea shubiri, akafunga jingine la namna nyingine, kisha la tatu. Akanipa nivute. La kwanza likakaza, la pili likateleza, la tatu likabana mpaka kidole kikauma. "Kamba ni moja. Hili gumu, hili laini, hili lauma. Ukilifungua hili, fundo lenda wapi?"

Sikuwa na la kusema. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, kwenye miale ya kathodi na eksirei. Mjomba anajenga majahazi tangu kabla sijazaliwa na sitaki mtu amcheke. Nauliza kwa dhati: kuna sayansi inayosema hivi, au ni maneno ya ufuoni tu?

#2 Fundi Dishi, Malindi

Mpe mjomba salamu, lakini amechelewa. Mwaka 2013 CERN walipata chembe ya Higgs, ile inayovipa vitu vyote uzito. Mambo yakaisha. Chembe zipo na zimeonekana.

#3 Mwalimu wa Barani

Fundi, tarehe kwanza. Ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012, na makundi mawili yaliyopima kila moja kivyake, ATLAS na CMS. Mwaka 2013 ndipo Peter Higgs na François Englert walipopewa Nobeli, kwa hoja waliyoiandika mwaka 1964. Karibu miaka 50 katikati. Na hawakutangaza mpaka vipimo vilipofika sigma tano, maana yake kama chembe hiyo haipo, uwezekano wa bahati tu kukuonyesha kitu kama kile ni kama mara 1 katika milioni 3.5.

Ila "mambo yakaisha" sikubali. Nitarudi, nina daftari za wanafunzi za kusahihisha.

#4 Binti Mambrui

Mwalimu shikamoo. Naomba nisahihishe na hilo la uzito, kwa sababu nalisikia kila mahali na linanichoma moyo.

Higgs haivipi vitu *vyote* uzito. Protoni ina kwaki tatu ndani yake. Ukizijumlisha uzito wao, ule unaotokana na uga wa Higgs, yaani kitu kilichotandaa kila mahali, unapata kama 9 katika kipimo ambacho protoni yenyewe ni 938. Asilimia moja! Ile 99 iliyobaki ni nishati: mwendo wa kwaki na nguvu ya gluoni zinazozifunga. Einstein alishasema nishati iliyofungiwa mahali ni uzito. Kwa hiyo mtu wa kilo 70, Higgs anaweza kudai chini ya kilo moja. Zilizobaki zote ni mfungo.

Kijana wa Matondoni, ndiyo maana hoja ya mjomba imenisimamisha. Uzito wako mwingi hautoki kwenye punje, unatoka kwenye namna zilivyofungwa. Na mafundo yenyewe yana historia. Mwaka 1867 mtu mkubwa kabisa wa fizikia ya Uingereza, William Thomson, yule aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alitoa nadharia kwamba kila atomu ni fundo la mzunguko ndani ya etha, kitu kimoja kilichojaa ulimwengu mzima. Haidrojeni fundo hili, oksijeni fundo lile. Ni maneno ya mjomba wako tupu, bila jahazi.

#5 Kijana wa Matondoni

Subhanallah. Nimemsomea. Hakusema kitu, akatikisa kichwa akarudi kwenye pamba yake. Lakini baadaye nikamsikia anamhadithia mwenzake, "kuna Mwingereza naye aliliona."

#6 Nahodha Mstaafu

Thomson huyo alipanda chombo? Fundo la henza inayopandisha tanga na fundo la demani inayolishika si moja, na anayeyachanganya huanguka na foromali, boriti ya tanga. Nauliza alijuaje mafundo.

#7 Binti Mambrui

Nahodha, mashua alikuwa nayo kweli, lakini wazo hili lilimjia kwa moshi. Rafiki yake Peter Tait wa Edinburgh alitengeneza masanduku yenye tundu mbele na kitambaa nyuma. Ukipiga kitambaa, pete ya moshi inatoka. Pete hizo zikimshangaza Thomson kwa mambo mawili: hazivunjiki ovyo, na zikikutana hudundana kama mpira. Akasema hivi ndivyo atomu inavyotakiwa kuwa. Tait baadaye akakaa miaka kuorodhesha mafundo yote yanayowezekana, akitumai kupata jedwali la elementi. Jedwali hakulipata, lakini wanahisabati wa mafundo leo wanaanzia kwenye orodha yake.

#8 Bi Chetezo

Nimesoma hilo la moshi nikashindwa kulala na jambo.

Asubuhi nimechukua katoni la biskuti, nikatoboa tundu la duara upana wa kikombe cha kahawa. Upande wa pili nimekata wote nikafunga mfuko wa nailoni, nikaukaza kwa utepe. Nikaingiza chetezo ndani na ubani mwingi, nikangoja sanduku lijae, nikakitoa. Nikaupiga nailoni kwa vidole viwili, taratibu.

Jamani. Imetoka pete. Nyeupe, nene kama bangili, ikavuka sebule nzima mpaka kwenye pazia. Ukiitazama karibu unaona moshi unajiviringisha wenyewe, unaingia kwa ndani unatoka kwa nje, bila kusimama. Nimempa mwanangu sanduku la pili akae upande wa pili. Mara nyingi zilipishana, lakini mara mbili zimekutana pembeni: zote mbili zikatetemeka kama ute wa yai, zikaachana, kila moja na njia yake. Hazikuvunjika.

Atakayejaribu: feni izimwe, na usipige kwa nguvu.

#9 Msomaji wa Usiku

Bi Chetezo, shukran, hili ndilo bandiko la mwaka.

#10 Mwalimu wa Barani

Bi Chetezo amenifurahisha, na Jumatatu nitafanya hivyo darasani. Ila lazima tuseme kwa nini nadharia ya Thomson ilikufa, maana uzi usije ukaacha watu wakidhani imefichwa na wakubwa.

Moshi unahitaji hewa. Fundo linahitaji kamba. Kamba ya Thomson ilikuwa etha, na mwaka 1887 Michelson na Morley kule Cleveland walipima kama dunia inakata etha hiyo ikizunguka jua. Walitarajia kuona tofauti ya mwendo wa mwanga ukielekea huku na ukielekea kule. Hawakuiona. Mwaka 1897 J. J. Thomson, si yule, mwingine, akapima elektroni: kitu kimoja kile kile kinatoka kwenye kila metali, chepesi kuliko atomu yoyote. Mwaka 1911 Rutherford akaonyesha atomu ina kiini kidogo mno katikati na sehemu iliyobaki ni kama utupu. Fundo la etha halina kiini. Likaanguka.

#11 Fundi Dishi, Malindi

Sasa mwalimu unarudi upande wangu. Chembe zimeshinda.

Lakini niulize jambo. CERN hao hao si ndio walipata nyutrino, ile chembe nyepesi mno, inayopita kasi ya mwanga? Ilikuwa kwenye habari zote. Kama ni kweli, Einstein naye ameanguka.

#12 Binti Mambrui

Haikuwa kweli, ndugu yangu. Septemba 2011, kundi la OPERA nchini Italia lilisema nyutrino zinazotoka CERN, safari ya kilomita 730 ndani ya mwamba, zinafika mapema kuliko mwanga kwa nanosekunde kama 60. Nanosekunde 60 mwanga hutembea mita 18. Hawakujigamba, waliwaomba wengine wawakague. Mwaka 2012 ikapatikana sababu: waya wa nuru uliounganisha saa ya GPS haukukazwa vizuri, ishara ikawa inachelewa. Walipokaza, nyutrino zikarudi kwenye mwendo wake.

#13 Fundi Dishi, Malindi

Koneksheni iliyolegea! Hilo nalijua kwa mwili wangu. Mwaka juzi nilifunga dishi la mteja mmoja, picha inakatika kila jioni saa kumi na mbili. Nikabadilisha kichwa cha dishi, nikabadilisha waya, nikapanda paa mara nne, kampuni ninayoifanyia kazi ikanikata gharama zote kwenye malipo. Mwisho nikagundua kiunganishi kimoja nyuma ya ukuta: jua likizama bati linasinyaa, kinaachia unywele mmoja tu. Unywele! Kwa hiyo siwacheki hao Waitalia hata kidogo. Mtu aliyetangaza kipimo chake na kuomba akosolewe namvulia kofia.

Nafuta kauli yangu ya "mambo yakaisha."

#14 Mjukuu wa Ngomeni

Mmetaja Waitalia nikakumbuka. Wengi hapa Malindi tunapita Ngomeni kwenda kwenye kamba na kaa, tunaona zile miguu za chuma baharini, jukwaa la San Marco, tunasema "kwa Waitalia" basi. Tarehe 12 Desemba 1970 babu yangu alikuwa kwenye ngalawa yake nje ya hori alipoona roketi inaruka pale. Alisema samaki wote waliingia chini na mishipi ikalegea.

Roketi ile ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama eksirei za mbinguni. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, angani! Iliorodhesha vyanzo 339. Bwana aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002. Walichagua kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, dunia inakusukuma bure.

Samahani kama nimetoka nje ya uzi.

#15 Nahodha Mstaafu

Malindi mna roketi, Lamu tuna punda. Lakini punda hajawahi kufukuza samaki.

#16 Binti Mambrui

Mjukuu wa Ngomeni hujatoka nje hata kidogo, umeingia katikati!

Uhuru iligundua kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya joto la mamilioni ya digrii, ndiyo inayotoa eksirei. Gesi ya joto hilo inataka kutawanyika. Ili ibaki pale, lazima kuwe na mvuto wa kuishika, na ukijumlisha nyota zote na gesi yenyewe, mvuto hautoshi. Fritz Zwicky alishalisema jambo kama hilo mwaka 1933 kwa kutazama mwendo wa galaksi, hakusikilizwa sana. Vera Rubin miaka ya 1970 akaonyesha galaksi moja moja nazo zinazunguka upesi mno pembezoni. Setilaiti iliyorushwa mbele ya ngalawa ya babu yako ni mmoja wa mashahidi wa maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvuto wake. Kwa hesabu za leo, maada tunayoijua, ya kwaki na elektroni, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Maada ya giza ni kama 27, na iliyobaki ni nishati ya giza.

Kwa hiyo tunabishana chembe au fundo juu ya ile tano.

#17 Msomaji wa Usiku

Hapa ndipo ninapogoma. Miaka yote hiyo, maada ya giza imekamatwa wapi? Wamezika matangi ya zenoni chini ya ardhi, Marekani na Italia, tani kwa tani, wanangoja chembe moja igonge. Haijagonga. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alisema kitu rahisi zaidi: huenda hakuna maada ya ziada, huenda kanuni ya mvuto inabadilika pale ambapo mchapuko ni mdogo kupita kiasi. Kwa kanuni hiyo moja, mizunguko ya galaksi nyingi inakaa sawa, ukiwa na hesabu ya nyota na gesi tu. Mtu akikupa jawabu la galaksi mia kwa namba moja, usimfukuze mlangoni.

#18 Mwalimu wa Barani

Simfukuzi. Ila kwenye makundi ya galaksi, yale yale ya Uhuru, kanuni ya Milgrom bado inapungukiwa, inahitaji maada nyingine isiyoonekana. Na mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya makundi mawili yaliyopigana kumbo: gesi imebaki katikati, mvuto umekwenda pembeni. Mvuto umeiacha gesi, na gesi ndiyo yenye uzito mwingi unaoonekana. Lieleze hilo bila kitu cha giza.

#19 Msomaji wa Usiku

Nami nakwambia eleza kwa nini maada ya giza, isiyoshikamana na nyota, inafuata nyota kwa utiifu hivyo katika kila galaksi. Kila mmoja wetu ana tundu kwenye kapu lake, mwalimu.

#20 Mwalimu wa Barani

Nakubali kapu langu lina tundu.

#21 Ustadhi wa Langoni

Nimesoma kimya. Mabishano haya mnayaona mapya, na vitabu vyetu vimejaa.

Wanazuoni wa ilmul kalam, elimu ya itikadi, Ash'ari na waliomfuata, walisema kila mwili umeundwa na *jawhar fard*, sehemu isiyogawika tena. Na sifa zake, rangi, joto, mwendo, hazidumu nyakati mbili. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Upande wa pili al-Nazzam, wa kundi la Mu'tazila, akasema hapana, kila sehemu inagawika bila mwisho. Wakamuuliza: kama ni hivyo, mdudu chungu atavukaje jiwe, na njia yake ina sehemu zisizo na mwisho? Akajibu kwa *tafra*, kwamba huruka baadhi. Ibn Sina naye akaikataa *jawhar fard* kwa hoja ya jiometria: sehemu iliyo kati ya mbili, upande unaogusa huku si ule unaogusa kule, basi imeshagawika.

Hilo la Ibn Sina ndilo swali la mjomba kwa lugha nyingine.

Nawaomba jambo moja. Wengine wataleta *mithqala dharra* hapa na kusema Qur'ani imetaja atomu. Wafasiri wa zamani walisema dharra ni chungu mdogo au vumbi unaloliona kwenye mwali wa jua dirishani. Tusiifunge aya kwenye nadharia ambayo kesho waya wake utakutwa umelegea.

#22 Kijana wa Matondoni

Ustadhi, Allah akujaze kheri. Nimeinakili nimsomee mjomba baada ya isha.

#23 Binti Mambrui

Ustadhi, umenikumbusha Abdus Salam. Alipopewa Nobeli mwaka 1979, kwa kuunganisha nguvu ya umeme-sumaku na nguvu dhaifu ya kiini, aliitaja aya ya Suratul Mulk kwenye hotuba ya karamu. Kituo alichokianzisha Trieste mwaka 1964 bado kinapokea wanafunzi kutoka nchi kama yetu, na mimi nina mwenzangu wa darasa aliyewahi kwenda.

Salam huyo na Jogesh Pati, mwaka 1974, walisema hata kwaki huenda zimeundwa na vitu vidogo zaidi, wakaviita preoni. Havijaonekana. Lakini mwaka 2005 Mwaustralia mmoja, Sundance Bilson-Thompson, akaligeuza wazo hilo: preoni zisiwe punje, ziwe *tepe*. Tepe tatu zimesukwa pamoja. Kila tepe inaweza kupotolewa mara moja huku, au huku, au isipotolewe. Kila poto ni thuluthi ya chaji. Zikipotolewa zote tatu upande mmoja unapata elektroni. Isipopotolewa hata moja, nyutrino. Zikipotolewa moja au mbili, kwaki, na kwa kuwa tepe iliyo tofauti yaweza kuwa ya kushoto, ya kati au ya kulia, unapata namna tatu za kila kwaki, na kweli kwaki huja kwa namna tatu.

Haijathibitishwa, na ina mapengo, uzito wa chembe haiutoi vizuri. Lakini nilipoisoma mara ya kwanza niliikumbuka mikono ya bibi yangu.

#24 Mama Ukili

Mwanangu, hapo umenigusa. Nasuka ukili tangu nina miaka saba.

Ulivyoeleza nimeuelewa, lakini kuna jambo huyo bwana amelipata na jingine nina shaka nalo. Kweli ukisuka kwa miyaa mitatu, mwaa ukigeuka tumbo juu, mgongo chini, ukili wote unabadilika: unapinda, hauwezi kukaa sawa na mwenzake ukishona mkeka. Poto moja tu, na jicho la mshoni linaiona kutoka mlangoni. Hilo kalipata.

Shaka yangu: ukili usiofungwa mwisho unafumuka. Miyaa inataka kukatwa na kufungwa. Hizo tepe zake zimefungwa wapi? Na zinasukwa na nini, zimening'inia hewani?

#25 Binti Mambrui

Mama Ukili, hilo ndilo swali wanalobishania wenyewe. Baadhi walipendekeza zimefungwa kwenye nafasi yenyewe, kwamba nafasi ni mtandao na tepe ni sehemu ya mtandao. Haikumalizika.

#26 Fundi Dishi, Malindi

Nje ya uzi kidogo: mkeka wa sala wa mtu mzima, wa rangi tatu, ni bei gani Lamu siku hizi? Namtaka mmoja wa kumpelekea mama.

#27 Mama Ukili

Rangi tatu huchukua wiki mbili za kusuka na kushona. Njoo faraghani tuseme, mwanangu, bei ya hadharani huharibu biashara.

#28 Mwalimu wa Barani

Nimeahidi kurudi. Mnaosema kila kitu ni uga na fundo, nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Muhula uliopita nilitaka wanafunzi waone chembe. Unahitaji tangi la kioo la samaki, kitambaa kizito kilicholowa spiriti kimebandikwa juu kwa ndani, sinia nyeusi chini, na chini ya sinia barafu kavu, kaboni dioksidi iliyoganda, ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu kavu nimeitoa Mombasa kwa basi, ndani ya sanduku lililoviringishiwa foronya na blanketi. Nusu iliisha kabla ya Kilifi. Nikafika na vipande vinne.

Tukafunga madirisha, tukawasha tochi pembeni. Dakika kumi hakuna kitu, ukungu tu unanyesha polepole kama mvua ya vumbi. Wavulana wa nyuma wakaanza kunong'ona. Kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, uzi!" Mstari mweupe, mwembamba kama mshipi wa nailoni, umetokea wenyewe, ukatulia, ukaporomoka. Kisha mwingine. Mifupi minene kama kiberiti, hiyo ni ya radoni, gesi yenye mnururisho iliyo hewani. Mirefu iliyonyooka, myuoni, nduguye elektroni aliye mzito zaidi, kutoka juu angani. Hakuna aliyenong'ona tena. Tulikaa mpaka barafu ikaisha, kengele imelia na hawakutoka.

Myuoni huzaliwa kilomita 15 hivi juu yetu na umri wake ni mikrosekunde 2.2. Kwa umri huo ingetembea mita 660 ikafa. Inafika Malindi kwa sababu inakwenda karibu na kasi ya mwanga na saa yake inakwenda taratibu kwa hesabu yetu, kama Einstein alivyosema. Kiganja chako hupitwa na moja hivi kila sekunde. Chombo cha kwanza cha ukungu alikitengeneza C. T. R. Wilson, na kwa aina yake Carl Anderson alipata positroni, elektroni yenye chaji chanya, mwaka 1932.

Ule haukuwa wimbi lililotandaa. Ulikuwa mstari. Kitu kimepita *hapa*, si pale.

#29 Binti Mambrui

Mwalimu, natamani ningekuwa darasani mwako.

Lakini mwaka 1929 Nevill Mott alilishughulikia swali hilo hilo. Wimbi linatoka katika kiini likiwa duara, pande zote sawa. Kwa nini basi mstari ulionyooka? Alionyesha kwa hesabu kwamba wimbi hilo, likishagusa atomu moja ya ukungu, atomu pekee zinazoweza kuguswa baadaye ni zile zilizo kwenye mstari mmoja na ya kwanza. Mstari unatoka kwenye wimbi bila punje. Kwa hiyo uzi wa msichana yule ni wa kweli, na bado hautuambii kama aliyepita alikuwa punje.

Na kuna Tony Skyrme, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alisema protoni ni fundo katika uga wa payoni, chembe zinazohusika na kuviunganisha viini. Mpaka leo watu wa viini wanaitumia hesabu yake, na inatoa majibu yasiyo mabaya.

#30 Fundi Dishi, Malindi

Hapa kichwa changu kimejaa. Mstari bila punje?

#31 Mwalimu wa Barani

Binti, Mott namjua, na hesabu yake ni sahihi. Lakini ile atomu ya *kwanza*, kwa nini ile na si jirani yake? Hapo Mott ananyamaza.

#32 Binti Mambrui

Ndiyo. Hapo ananyamaza.

#33 Kijana wa Matondoni

Wadau, nimemsomea mjomba yote, kuanzia moshi wa Bi Chetezo mpaka nyuzi za mwalimu. Imechukua saa nzima, chai imepoa. Hakujibu kuhusu wimbi. Ameniuliza moja: "Hayo mafundo yao yafunguka?"

#34 Binti Mambrui

Mwambie swali lake limechimbiwa mlima. Huko Japani, mita 1,000 chini, kuna tangi la maji tani 50,000, Super-Kamiokande. Lile lililolitangulia lilijengwa kungoja protoni moja ifunguke. Hili jipya limevumbua mengine, mwaka 1998 lilionyesha nyutrino hubadilika namna njiani, lakini protoni haijafunguka hata moja. Kwa hesabu yao, umri wake ni zaidi ya miaka 1 yenye sifuri 34 nyuma yake.

Nyutroni ni tofauti. Ikiwa ndani ya kiini chenye utulivu inakaa. Ukiitoa peke yake, inafunguka kwa dakika 15 hivi, ikawa protoni, elektroni na antinyutrino. Na hapa kuna jambo linalowakosesha watu usingizi: ukizifungia nyutroni kwenye chupa na kuhesabu zilizobaki, unapata sekunde kama 878. Ukizipitisha katika mwale na kuhesabu protoni zinazozaliwa, unapata kama 888. Wamerudia miaka na miaka. Tofauti haijaondoka.

#35 Fundi Dishi, Malindi

Wakague viunganishi.

#36 Msomaji wa Usiku

Au baadhi zinafunguka kuwa kitu cha giza, ambacho wenye mwale hawakihesabu. Kuna waliolisema hilo.

#37 Mwalimu wa Barani

Msomaji, jana ulikuwa hutaki maada ya giza kabisa!

#38 Msomaji wa Usiku

Bado siitaki. Nasema tu ipimwe.

#39 Kijana wa Matondoni

Mjomba amesikia hizo sekunde kumi. Amechukua ile kamba ya juzi, akafunga mafundo mawili sawasawa kabisa, moja akalilowesha maji ya chumvi, jingine akaliacha kavu. Amesema tuyafungue Ijumaa baada ya sala tuone lipi litakawia. Bi Chetezo, anauliza sanduku lako la moshi waweza kulileta Matondoni?

#40 Bi Chetezo

Inshallah nitakuja na boti ya alasiri. Nitaleta mawili.